Mahali Palipopotea na Modeli Zake

Ebbets Field ulikuwa uwanja wa besiboli huko Brooklyn, New York. Ulifunguliwa mwaka 1913, na ndipo Jackie Robinson alipocheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947, akavunja mpaka wa rangi uliokuwa umewafungia nje wachezaji Weusi kwa miongo mingi. Baada ya msimu wa 1957 timu yake ilihamia Los Angeles, na mwaka 1960 uwanja ukaanza kubomolewa ili nyumba za kupangisha zijengwe. Leo wako wapenzi wa mchezo huo wanaojenga upya viwanja kama huo ndani ya kompyuta: kuta, majukwaa, nguzo, taa, hata matangazo ya biashara. Anayetaka kurudisha lile bango la muuza suti Abe Stark, aliyeahidi suti kwa mchezaji atakayeligonga kwa mpira, anazo picha za kupimia.

Sisi tunaosoma Kiswahili na kupanga vyumba hapa Nyakabiga hatuchezi besiboli. Hata hivyo, kazi hiyo inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, zana hizohizo zimeshatumika Afrika Mashariki kujenga upya mahali pa uchungu kuliko uwanja wa michezo. Pili, mji wetu nao una mahali palipopotea: Soko Kuu la Bujumbura, lililoteketea kwa moto Jumapili tarehe 27 Januari 2013. Siku moja kijana mwenye kompyuta nzuri atalijenga upya soko hilo kwenye skrini, nasi tutaombwa tulisifu. Ni vema tujue mapema tutalihakiki kwa vigezo gani.

Hoja yangu ni kwamba modeli ya mahali palipopotea haipimwi kwa jinsi inavyovutia macho. Hupimwa kwa uaminifu wake kwa namna mahali hapo palivyopotea. Kilichobomolewa baada ya kupigwa picha nyingi, kilichofutwa kwa makusudi, na kilichoungua huku kumbukumbu zake zikibaki vichwani mwa watu, havijengwi upya kwa njia moja. Naisoma modeli kama tunavyosoma matini yoyote: ina mtunzi, ina mtazamo, ina inachosema na inachonyamazia.

Kwanza nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kupima kilichobaki ni jambo moja, na kujenga upya kisichokuwepo ni jambo lingine. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika pwani ya kusini ya Tanzania. Mashine hutuma mwale, mwale hugonga ukuta na kurudi, na umbali huhesabiwa. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi mno mpaka umbo la ukuta lipatikane. Ukuta ukiwa umeanguka, modeli nayo huonyesha ukuta ulioanguka. Hapo mtunzi hana nafasi kubwa ya kubuni. Lakini mtu akitaka kutuonyesha Husuni Kubwa ilivyokuwa watu wakiishi ndani yake, ameondoka kwenye upimaji na kuingia kwenye utunzi. Utunzi si kosa. Kosa ni kuuvika nguo za upimaji.

Mfano wa utunzi wa namna hiyo ninaouheshimu zaidi katika ukanda wetu ni modeli za kambi za Mweru na Aguthi, katika kaunti ya Nyeri nchini Kenya. Zilitengenezwa na Museum of British Colonialism, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2018 na watu wa Kenya na Uingereza, pamoja na African Digital Heritage, taasisi iliyoanzishwa na Chao Tayana Maina. Kambi hizo zilikuwa sehemu ya mtandao wa kambi za kizuizini ambamo serikali ya kikoloni iliwafungia watu wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika Januari 1960. Leo mahali hapo pana shule: Mweru ni shule ya sekondari, na Aguthi imekuwa shule ya wasichana ya Kangubiri. Mwanafunzi anaweza kupita kila siku mbele ya jengo ambalo zamani lilikuwa na kazi nyingine kabisa, asijue.

Tuangalie namna ushahidi wa kambi hizo ulivyopotea. Ebbets Field ulibomolewa hadharani, na kila aliyekuwa na kamera aliruhusiwa kuupiga picha kwa miaka zaidi ya arobaini. Kambi zilifutwa kwa makusudi. Kabla ya Kenya kupata uhuru Desemba 1963, maofisa wa kikoloni waliteketeza nyaraka nyingi, na nyingine wakazisafirisha kwenda Uingereza. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi mafaili ya makoloni yake 37 ya zamani huko Hanslope Park, mbali na macho ya watafiti. Kwa hiyo mjenzi wa modeli ya kambi hana rundo la ramani na picha. Ana majengo machache yaliyobaki, ana ardhi yenyewe, na ana wazee waliofungwa humo. Ubora wa kazi ya Mweru na Aguthi uko hapa: wajenzi walikwenda mpaka kwenye ardhi hiyo na kuwasikiliza wazee hao. Neno la mzee linakuwa kipimo pale ambapo karatasi ilichomwa. Kwa sisi tunaosoma fasihi simulizi hilo si geni, lakini kuliona likikubaliwa na programu ya kompyuta, inayodai kila kitu kwa mita na sentimita, ni jambo la kutia moyo.

Hata hivyo, uhakiki haukomi kwenye kusifu. Naona matatizo mawili ambayo hayaletwi na kikundi hiki peke yake. Yamo ndani ya zana yenyewe.

La kwanza ni mahali pa kusimama mtazamaji. Modeli ya pande tatu huzungushwa kwa kidole na kutazamwa kutoka juu, na mtu anapoifungua mara ya kwanza hupenda kuitazama hivyo, maana kutoka juu kila kitu kinaonekana mara moja: safu za mabanda, seng'enge, uwanja wa kuhesabia watu, lango. Lakini ndani ya kambi nani aliyeiona kambi yote kutoka juu? Ni askari aliyekuwa kwenye mnara wa ulinzi. Mfungwa aliona mgongo wa aliyemtangulia, aliona mlango wa banda lake, aliona miguu ya askari. Ushuhuda umetoka kwa mtu aliyekuwa chini, lakini modeli inatupandisha mnarani. Katika riwaya tungesema nafsi inayosimulia imebadilishwa bila msomaji kuarifiwa. Dawa yake si ngumu: mtazamaji aanzie chini, kwenye kimo cha binadamu, asikie sauti ya anayesimulia, na kama atapanda juu, ajue amepanda wapi.

La pili ni usawa wa sura. Kwenye skrini ukuta uliopimwa na ukuta uliokisiwa hufanana. Wote wana rangi, wote wana kivuli, wote wananyooka. Wolfgang Iser alitufundisha kwamba matini ina mapengo, na kwamba msomaji huyajaza anapoisoma. Modeli hufanya kinyume: hujaza pengo mapema na kulipaka rangi, hata msomaji asijue kwamba lilikuwepo. Wataalamu wa fani hii wenyewe waliliona tatizo hilo. Mkataba wa London, uliotolewa mwaka 2006 na kurekebishwa mwaka 2009, unawataka wajenzi waonyeshe wazi kipi kina ushahidi na kipi ni dhana. Kigezo kipo; kinachokosekana mara nyingi ni utekelezaji wake mbele ya macho ya mtazamaji wa kawaida.

Mtu anaweza kunipinga hapa. Anaweza kusema kwamba kuonyesha mapengo katika historia ya mateso ni kuwapa silaha wanaokanusha: wataona sehemu iliyokisiwa na kudai kwamba yote ni makisio. Hoja hii ina uzito, lakini nadhani historia yenyewe imeshaijibu. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza bungeni majuto yake na malipo ya pauni milioni 19.9 yaliyowahusu wadai 5,228 wa Kenya. Hatua hiyo haikufikiwa kwa kuficha mapengo. Wazee walisema waliyoyajua, wanahistoria wakaonyesha nyaraka zilizopatikana, na kukosekana kwa nyaraka nyingine kukawa jambo la kuelezwa. Pengo lililosababishwa na moto wa makusudi nalo ni ushahidi. Modeli inayoliziba kwa ukuta mzuri inamsaidia aliyewasha moto ule.

Turudi sasa Bujumbura. Soko Kuu halikufutwa kama kambi za Nyeri, wala halikuachiwa kumbukumbu nyingi kama Ebbets Field. Liliungua, na kwa miaka mingi baadaye magofu yake yalibaki katikati ya mji huku biashara ikitawanyika kwenda masoko mengine kama Ruvumera na Jabe. Umbo la nje linaweza kupatikana katika picha. Lakini soko si kuta. Nani aliuza wapi? Mtu aliyetaka vitenge aliingilia mlango gani? Ndagala zilipangwa upande gani, na harufu yake iliishia wapi? Njia ipi ilijaa watu mpaka ukapita ubavu? Majibu hayo hayako kwenye ramani ya ujenzi. Yako kwa watu, na watu hao wako karibu. Hapa Nyakabiga si vigumu kupata nyumba yenye mama, shangazi au jirani aliyekuwa na meza sokoni, au aliyetumwa huko kila Jumamosi.

Hapa ndipo hatari ilipo. Mjenzi mvivu ataweka meza moja kwenye kompyuta, kisha atainakili mara elfu moja na kuzipanga safu kwa safu. Soko litapendeza, nalo litakuwa uongo. Meza zote zitalingana, wakati sokoni hazikulingana: kuna aliyeleta mzigo kutoka Dar es Salaam kwa lori, na kuna aliyeweka beseni chini, hana kibanda, hana namba, jina lake halimo kwenye daftari lolote. Wote wawili walipoteza mali siku ile. Lakini modeli iliyojengwa kwa ramani itamkumbuka wa kwanza na kumsahau wa pili, kwa sababu wa pili hakuwahi kuchorwa. Picha hiyo ikishaenea kwenye simu za watoto waliozaliwa baada ya 2013, hao hawatakuwa na soko jingine la kulinganisha nalo.

Lugha pia imo katika jambo hili. Ramani rasmi ingeandika sehemu za soko kwa Kifaransa. Wachuuzi na wateja walizitaja kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa mchanganyiko wa lugha zote tatu. Jina ambalo watu waliliita kona fulani ni sehemu ya kona hiyo, kama vile nguzo na paa. Modeli isiyokuwa na majina hayo itakuwa imejenga jengo na kuacha soko. Kuyakusanya, kuyanukuu jinsi yalivyotamkwa na kueleza maana zake ni kazi inayotuhusu sisi kuliko wahandisi.

Wasimulizi watapingana, nalo ni jambo la kawaida. Mmoja atasema wauza viatu walikuwa kushoto, mwingine atasema kulia, na huenda wote wanasema kweli ya miaka tofauti. Katika fasihi simulizi hatulichomi toleo moja ili kulinda jingine; tunayaweka yote na kutaja aliyesimulia. Kompyuta inaweza kufanya hivyo vizuri kuliko kitabu: mtazamaji agonge kona, asikie sauti mbili, aone uwezekano wa aina mbili. Sehemu iliyopimwa iwe na rangi yake, iliyosimuliwa iwe na yake, na iliyokisiwa iachwe nyeupe. Na mama aliyeweka beseni lake chini apewe nafasi ya kukaa mbele ya skrini na kusema, "Hapana, mimi nilikuwa hapa," kisha mjenzi alisogeze.

Kwa vigezo hivi, modeli za viwanja vya besiboli zinaweza kuwa sahihi bila kumgharimu mjenzi sana, kwa kuwa ushahidi umejaa. Za Mweru na Aguthi ni kazi ngumu zaidi na ya thamani zaidi, ingawa zana yenyewe bado inatuvuta kwenye mnara wa askari. Ya Soko Kuu la Bujumbura haina haja ya kusubiri leza wala fedha za mradi. Hatua yake ya kwanza ni daftari, kinasa sauti na subira ya kusikiliza, na inaweza kuanzia kwenye avenyu yoyote ya mtaa huu kabla walioijua kila njia ya soko lile hawajatutoka.