Kazi ya Jumapili

147,573,952,589,676,412,927. Iandike kwenye karatasi uitazame. Si shufwa, haiishii kwa 5, na jumla ya tarakimu zake haigawanyiki kwa 3. Mbinu tulizofundishwa shule ya msingi zinakwama hapo. Namba yenyewe hupatikana kirahisi: chukua 2 kwa kipeo cha 67, utoe 1. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliiweka katika orodha yake ya namba tasa, nayo ikadumu humo zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa pia, akathibitisha kwamba si tasa, bila kutaja hata kigawo chake kimoja. Hesabu ina uwezo huo wa ajabu: kukuhakikishia kuwa kitu kipo huku ikikuficha kilipo.

Aliyekitafuta ni Frank Nelson Cole, profesa wa New York, na ufundi wake ndio ninaousifu. Kutafuta vigawo si kubahatisha. Kigawo tasa chochote cha namba hii sharti kibakize 1 kikigawanywa kwa 134, na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Masharti hayo mawili yanafagia karibu kila kitu, lakini kinachosalia bado kinatisha. Kigawo kidogo ni 193,707,721. Ukitoa 1 na kugawanya kwa 134 unapata 1,445,580 kamili. Maana yake, anayeanzia chini atakutana na namba zaidi ya laki saba zinazotimiza masharti yote mawili kabla ya kukifikia. Tupa zinazogawanyika kwa 3, 5 na 7, bado zinabaki zaidi ya laki tatu, na kila moja inadai kugawanya namba ya tarakimu 21 kwa mkono. Cole hakukubali kwenda hivyo. Aliongeza masharti mengine, yatokanayo na mabaki ya namba za mraba, akazidi kubana uwanja.

Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati wa Marekani, inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno. Upande mmoja akakokotoa ile namba. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa kazi ilimchukua muda gani, husemwa alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Wengi hukipenda kile kimya cha ubaoni. Mimi nazienzi zaidi zile Jumapili, kurasa za mabaki ambazo hakuna aliyezipigia makofi. Leo kompyuta humaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua, lakini ufundi haukustaafu. Mwaka 2024 ilipatikana namba tasa ya tarakimu 41,024,320, ya ukoo uleule wa Mersenne, na wanaozisaka namba hizo bado huanza kwa kuchuja: zidisha kipeo kwa 2, kisha jaribu vigawo vile tu vinavyobakiza 1 vikigawanywa kwa jibu hilo.