Tunda Bichi, Sindano na Ngozi Yenye Ukurutu

Katika kipimo cha ngozi cha mzio wa matunda, sindano fupi huchomwa kwanza kwenye tunda bichi, kisha sindano hiyohiyo huchomwa kwenye ngozi ya mgonjwa. Njia hii ilielezwa mwaka 1983 na Dreborg na Foucard, waliopima watoto wa Sweden wenye mzio wa chavua ya mbetula, mti wa nchi za baridi. Protini kuu ya chavua hiyo inafanana mno na protini ya tufaha iitwayo Mal d 1, na kingamwili za IgE hushindwa kuzitofautisha. Lakini Mal d 1 ni dhaifu. Tunda likipondwa, protini hiyo huanza kuharibika, na ndiyo maana dawa ya kupimia iliyotengenezwa kiwandani huweza kutoa jibu hasi kwa mtu ambaye mdomo humwasha kila alapo tufaha.

Sindano ipite kwenye ganda na nyama, kwa sababu protini nyingine ya mzio, ile ya pichi inayostahimili moto, imejaa kwenye ganda.

Mgonjwa huacha antihistamini siku kadhaa kabla. Huchomwa upande wa ndani wa kigasha, mahali pasipo na ukurutu wala krimu ya steroidi, pamoja na histamini na maji ya chumvi kwa kulinganisha. Baada ya dakika 15, kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa chanya.

Hapo ndipo makosa mengi huanzia. Watu wazima wenye ukurutu mara nyingi wana IgE nyingi mwilini, na huonyesha vivimbe kwa matunda wanayoyala miaka yote bila shida. Kumkataza mtu matunda kwa kivimbe peke yake ni kumnyima chakula bure.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mwaka 2006 Barbara Bohle wa Vienna na wenzake walionyesha kwamba tufaha lililopikwa haliwashi mdomo, kwa kuwa moto umevunja umbo linalotambuliwa na IgE, ilhali seli T za kinga ya mwili bado hulitambua tufaha hilo, na ukurutu wa baadhi ya wagonjwa ulizidi baadaye. Sindano haioni mwitikio huo. Huonekana kwa kumlisha mgonjwa tunda hospitalini, yeye na daktari wasijue ni mlo upi wenye tunda, kisha kuikagua ngozi tena baada ya saa 24 na 48.