Nafasi ya Fanani katika Benga: Mfano wa Shirati Jazz

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuiweka benga katika orodha ya muziki wa dansi na kuishia hapo. Wakieleza asili yake, husema kwamba gitaa liliiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Maelezo haya ni sahihi lakini hayatoshi, kwani yanatuonyesha chombo kilichorithiwa bila kutuonyesha kazi iliyorithiwa. Dai letu ni kwamba Shirati Jazz ilipata umaarufu kwa sababu kiongozi wake, Daniel Owino Misiani (1940–2006), alishika nafasi ya fanani wa jadi na papo hapo akaibadilisha.

Mpiga nyatiti aliketi mbele ya hadhira iliyoweza kumkatiza. Katika pakruok, msikilizaji alitoa tuzo, akausimamisha wimbo, akajisifu au akamsifu rafiki yake kwa lugha ya picha. Santuri za miaka ya 1960 na 1970 hazikuruhusu jambo hilo, kwa kuwa kila upande ulichukua dakika chache tu. Matokeo yake ni kwamba majina ya marafiki na wafadhili yaliingia ndani ya wimbo wenyewe, yakatajwa na mwimbaji, kisha magitaa yakaachiwa uwanja. Hadhira ilinyang'anywa kauli.

Je, fanani aishiye kwa kusifu aweza pia kukemea? Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufanyia kazi yake Kenya, aliwasema watawala kwa ngano za wanyama na visa vya Biblia. Alikamatwa zaidi ya mara moja, akatishiwa kurudishwa kwao. Uthubutu huo ulikuwa na msingi wa kiuchumi. Aliyemlisha hakuwa tajiri mmoja wa kuogopwa, bali wanunuzi wengi wa santuri wa Kisumu, wa vijiji vya ufuoni na wa mijini walikohamia Wajaluo. Aidha, fumbo halikamiliki mpaka lifumbuliwe. Kauli ambayo hadhira iliipoteza katika pakruok ilirudi kwa njia ya ufumbuzi.

Huenda mtu akapinga kwa kutaja Zimbabwe. Huko benga iliitwa Kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mtayarishaji ambaye santuri zake zilifika hadi huko, na watu wasiojua Kijaluo waliicheza kwa furaha. Pingamizi hili lina uzito, kwani linathibitisha kwamba magitaa yanajitosheleza kama muziki. Hata hivyo, haliyafanyi maneno kuwa pambo. Dola haikumkamata Misiani kwa sababu ya magitaa.

Hapa ndipo ilipo hasara inayotukabili. Misiani alifariki katika ajali ya gari Kisumu, Mei 2006. Santuri zinaweza kuhifadhiwa makabatini, lakini maana ya majina na mafumbo yake imo vichwani mwa wasikilizaji ambao sasa ni wazee. Mtafiti atakayenakili maneno peke yake ataambulia ganda. Inafaa idara zetu ziwahoji wasikilizaji hao kabla ya kuwahoji wanamuziki, maana katika benga mfumbuzi ni sehemu ya utunzi.