Tiketi Mbili kwa Safari Moja

Safari ile ya Desemba wasomaji wengi wa hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka waliiona kwa macho yao, na wale wa Lilongwe waliisikia kabla jua halijachwa, kwa hiyo sina haja ya kuisimulia tangu alifu hadi yee. Muradi wangu ni kuchambua namna tiketi zilivyokatwa. Kijana wetu, aliyehamishiwa Marekani miaka kadhaa iliyopita na ambaye uraia wa huko bado hajaupata, alikusudia kuja kumwamkia mama yake, akakata tiketi mbili kwa safari iliyostahili moja, na kwa sababu hiyo, wala si nyingine, siku aliyongojwa hakuonekana. Naitoa hukumu mapema ili asiyeipenda asipoteze wakati wake: lilikuwa kosa dhahiri, halikuwa kudura wala husuda ya jirani kama ilivyonong'onwa sokoni, na karani yeyote wa tiketi wa zama zilizopita angeliona kabla hajachovya kalamu katika wino.

Mengine aliyafanya vyema. Alianza kutafuta nauli tangu Agosti, alizikwepa siku zinazoelekea Krismasi, na majina yake matatu ya Kikongo aliyaandika kwa mpangilio ule ule uliomo katika hati yake.

Sasa tendo lenyewe. Kioo cha simu kilimwonyesha njia mbili. Ya kwanza ilikuwa tiketi moja, Chicago hadi Addis Ababa na Addis Ababa hadi Lilongwe, shirika moja, mizigo miwili ya kilo 23 kila mmoja, na mahali pamoja tu pa kubadilisha ndege. Ya pili ilikuwa tiketi mbili zilizosimama mbalimbali: moja ya kwenda na kurudi kati ya Marekani na Johannesburg, nyingine ya kwenda na kurudi kati ya Johannesburg na Lilongwe, za mashirika mawili ambayo katika tiketi hizo hayakufungamana kwa lolote, yakikutanishwa tu na wakala wa mtandaoni aliyeko nchi ya mbali, ambaye elimu yake yote ni kupanga bei kuanzia ndogo kwenda kubwa. Tofauti ya bei haikufika dola 300. Kijana akaitazama tofauti hiyo, akaona ndani yake magunia ya mahindi ya mama na karo ya mdogo wake, akabonyeza.

Tiketi, hata ikiwa ni maandishi ya simu tu yasiyoshikika mkononi, ni mkataba, na mkataba mmoja wa kumchukua mtu kutoka Chicago hadi Lilongwe humfunga mchukuzi mpaka abiria atakapofika Lilongwe. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, ni juu ya shirika kumtafutia abiria wake nyingine bila ya kumdai senti, na mzigo uliofungwa kitambulisho cha LLW, yaani Lilongwe, mwanzoni mwa safari hauguswi na mwenyewe mpaka autoe katika ukanda wa uwanja wa ndege wa Kamuzu. Mwenye tiketi mbili ana mikataba miwili isiyojuana. Shirika la kwanza hunawa mikono Johannesburg; shirika la pili, abiria asipotokea mbele yake kwa saa iliyoandikwa, humwandika kuwa hakuja, na aghalabu hufuta pamoja na kipande hicho vipande vyote vilivyosalia, hata kile cha kurudia. Haya msomaji anayajua, na kijana naye, kwa ninavyomfahamu, aliyajua. Alidhani saa tano za kungoja Johannesburg zingemtosha kuyaepuka.

Lakini saa zingekuwa tano au hamsini, mambo yangekuwa yale yale, kwani uzito wa jambo haukuwa katika saa bali katika hati. Mkimbizi aliyepokewa Marekani na ambaye hajawa raia husafiri kwa hati ya safari ya wakimbizi, ile inayotokana na Mkataba wa Geneva wa 1951, ambayo Marekani huitoa kwa muda wa mwaka mmoja tu, na hati hiyo, ijapokuwa imepambwa kwa nembo ya dola kubwa, si pasipoti ya Marekani: mwenye pasipoti huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza, ilhali mwenye hati hutakiwa kuiomba na kuipata kabla ya kuondoka. Angalikuwa na tiketi moja inayopitia Johannesburg, mzigo wake ukiwa umeandikiwa Lilongwe, angalikaa ndani ya uwanja pamoja na wapitaji wengine, asikutane na afisa wa uhamiaji. Kwa kuwa tiketi yake iliishia Johannesburg, na mzigo wake vilevile, ilimlazimu aingie nchini, auchukue mzigo, atoke, kisha apange mstari upya kama mtu aliyelala mjini usiku ule. Kwa lugha ya tiketi hakuwa mpitaji. Alikuwa mgeni wa Afrika Kusini asiye na ruhusa ya kuwa mgeni.

Karani wa dawati la abiria huko Marekani hakuwa na hiana naye. Alifungua daftari la Timatic, lile linalotunzwa na jumuiya ya mashirika ya ndege ulimwenguni, IATA, na ambalo makarani wa nchi zote hulitumia, akaandika aina ya hati na mwisho wa tiketi, nalo likamjibu kuwa viza yatakiwa. Shirika linalompeleka abiria asiye na viza hutozwa faini na kulazimika kumrudisha kwa gharama yake, basi karani gani atakayebahatisha mshahara wake? Kijana akamwonyesha tiketi ya pili katika simu. Tiketi ya pili ilikuwa ya shirika jingine, nayo katika mizani ya dawati lile haikuwa na uzito wowote. Ndivyo safari ilivyokufia katika mji aliotarajia kupandia, maelfu ya maili kabla ya Johannesburg, wakati huku mama yake alikwisha omba ruhusa ya kutoka kambini, jamaa walikwisha changa fedha za gari, na siku ya pili yake watu walikaa uwanjani, mbele kidogo ya Lumbadzi, wakihesabu kila aliyetoka mlangoni.

Ilibaki njia moja ya kuokoka, nayo alikuwa ameiziba miezi minne kabla. Sheria ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani hulitaka shirika la ndege linalouza safari ya kutoka au kuingia nchini humo, ikiwa tiketi imekatwa siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, ama limshikie mnunuzi nauli hiyo kwa saa 24 bila malipo, ama limruhusu kuifuta ndani ya saa hizo na kurudishiwa fedha zake zote. Katika muda huo angeweza kumpigia ndugu yeyote mwenye uzoefu akamsomea alichokinunua. Sheria hiyo, hata hivyo, huyafunga mashirika yenyewe na haimfungi wakala. Naye kijana, ili kupata ile tofauti isiyofika dola 300, alinunua kwa wakala. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kuwa makosa yalikuwa mawili. Lilikuwa moja, kuamini orodha ya bei, na hilo moja lilimnyima tiketi ya kuunganishwa na fursa ya kutubu kwa pamoja.

Wazee watanisamehe nikirejea wimbo wangu wa zamani. Katika siku za East African Airways, kabla serikali tatu hazijaliacha shirika hilo life mwaka 1977, karani aliyekuwa akikata tiketi ya London alikuwa na jedwali la maili mbele yake: nauli kamili ilimruhusu abiria kupita njia hii au ile, na hata kushuka na kulala katika miji ya katikati, maadamu jumla ya maili haikuzidi kiwango kilichowekwa, na ikizidi kidogo aliongeza asilimia 5, au 10, hadi 25. Ilikuwa kazi ya hesabu na jiografia, na karani aliyeijua alimfaidisha abiria kwa kumpitisha Kairo na Roma kwa nauli ile ile, akaandika vituo vyote katika kitabu kimoja chenye karatasi za kaboni, na kabla ya kukifunga akauliza: pasipoti yako ya wapi? Swali hilo moja ndilo lililokosekana Agosti. Tiketi za karatasi zilikomeshwa na IATA mwaka 2008, nami siililii kaboni. Walakini lile swali nalo lilitupwa pamoja na karatasi, na hakuna aliyeliweka mahali pake.

Hapa kwetu napo palikuwa na jeuri ya namna yake. Air Malawi iliyoanza mwaka 1964 ilipata kumiliki ndege ya VC10 katika miaka ya 1970, ikaipeleka London kwa jina lake yenyewe. Ilipofilisiwa mwaka 2013, ikaja Malawian Airlines ambayo asilimia 49 ilishikwa na Ethiopian, na tangu hapo anayetoka Lilongwe kwenda mabara mengine lazima ajue kwanza kama atageukia Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg. Wakubwa wa serikali huko Capital Hill wamekuwa wakituahidi anga huria ya Afrika tangu Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999, na soko moja la anga la Umoja wa Afrika lilizinduliwa Januari 2018 kwa hotuba nyingi. Nauli ya kwenda nchi jirani ingali inakaribiana na nauli ya kwenda Ulaya. Nalisema hili kila mwaka na nitalisema tena.

Ikiwa jiji la kugeukia ni lazima, basi hati ndiyo ichague jiji, kisha bei. Bole ya Addis Ababa na Jomo Kenyatta ya Nairobi humwachia mpitaji akae ndani bila viza akiwa na tiketi ya kuendelea. Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja kati ya New York na Nairobi tangu Oktoba 2018, na hiyo nayo ingalimfikisha kijana kwa tiketi moja. Mwenye pasipoti ya Kongo asiye na viza wala ukaazi wa Marekani, Kanada au nchi za Ulaya, akipitia Frankfurt hutakiwa viza ya uwanja hata kama hakusudii kuvuka mlango, na Heathrow ina kanuni zake za mfano huo. Mambo haya hayamo katika orodha ya bei, kwa kuwa orodha haijui nani anayeitazama.

Badala yake vijana wetu hujishughulisha na hirizi. Huyu anaapa kuwa nauli hushuka Jumanne usiku, yule hutafuta kwa dirisha la siri ili mashirika yasimtambue. Ukweli wa mambo ni wa kichoshi: viti vya daraja la kawaida hugawanywa katika mafungu, kila fungu na herufi yake, bei yake na masharti yake, na fungu la rahisi likimalizika hufunguliwa la ghali, hata kama mnunuzi amejificha chini ya kitanda. Kwa wanaonunulia huku kuna balaa zaidi, kwa kuwa nauli hupimwa kwa dola: aliyekuwa amejiwekea kwacha za tiketi aliamka siku moja ya Novemba 2023 akakuta kwacha imeshushwa, dola moja imepanda kwa asilimia 44, imetoka kwacha 1,180 na kufika 1,700, na safari yake imebaki nusu njia. Kwa sababu hiyo sioni ubaya wowote kwa jamaa wa ng'ambo kulipa kwa kadi yao, ilmuradi kadi iwe ya mtu atakayepokea simu shirika likimwuliza.

Kuna waliosema kuwa angeshukia Lusaka, ambako Emirates na Qatar hufika, kisha apande basi hadi Chipata na kuvuka Mchinji. Kwa mwenye pasipoti nzuri na mgongo imara ni shauri zuri, nami nimelitoa mara nyingi. Kwa mwenye hati ya mkimbizi ni Johannesburg ile ile yenye jina jingine: kuna viza ya Zambia ya kuombwa kabla, na mpaka wa nchi kavu ambao afisa wake huenda hajapata kuiona hati ya namna hiyo.

Linaloniuma ni kwamba kijana huyu huyu aliondoka hapa kwa tiketi iliyokatwa barabara. Alipohamishwa, kabla mlango ule haujafungwa Januari 2025 kwa amri ya Rais Trump, shirika la uhamiaji la IOM lilimpangia safari nzima kuanzia Lilongwe hadi mji wake mpya, mfuko mweupe wa hati shingoni, mizigo ikiwa imeandikiwa mwisho wa safari, na nauli yenyewe ikawa mkopo usio na riba aliokuja kuulipa kidogo kidogo. Tuliwacheka wale makarani kwa kuwapitisha watu njia ndefu. Njia zao ndefu hazikumwacha mtu dawatini.

Alifika hatimaye, siku tatu baadaye, kwa tiketi moja ya kupitia Addis Ababa aliyoinunua siku ile ile aliyokataliwa dawatini kwa bei iliyopita zile mbili zikijumlishwa, na Krismasi akaila na mama yake. Zile za Johannesburg zilikuwa za fungu lisilorudishwa. Hata hivyo kodi za serikali na za viwanja zilizomo ndani ya tiketi isiyotumika mashirika mengi huzirudisha kwa anayeziomba, na kwa aliyenunua kwa wakala ombi hupitia kwa wakala yule yule. Nimempa kijana maneno ya kuandika. Mpaka naandika makala haya hajaandika.