Uraia wa kitaaluma: mbona Katesh hawaulizwi?

Ukifuatilia tafiti kuhusu wahadhiri utakutana na neno "uraia wa kitaaluma". Ni zile kazi zisizo na malipo wala sifa: kumlea mwanafunzi anayeyumba, kupitia makala ya mwenzako, kukaa kwenye kamati zisizoisha, kwenda kwa wananchi. Bruce Macfarlane aliliandikia kitabu kizima mwaka 2007.

Sikatai, tafiti hizi zimetusaidia. Zimeanika, kwa mfano, kwamba kazi za ulezi chuoni huwaangukia zaidi wanawake, halafu wakati wa kupanda daraja yanahesabiwa machapisho. Shida yangu ni upimaji. Nyingi zimeazima hojaji za watu wa menejimenti, kutoka dhana ambayo Dennis Organ aliipa umaarufu mwaka 1988: mfanyakazi anayejituma kuliko anavyodaiwa. Mhadhiri anasoma sentensi, anaweka vema kati ya "sikubaliani kabisa" na "nakubali kabisa". Yaani mtu anajisahihishia mtihani mwenyewe! Jamii inawekewa maswali mawili matatu mwishoni, watu wameshachoka.

Nilienda na hojaji ya namna hiyo Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani hadi Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Mlima Hanang ni volkano ya zamani, kwa hiyo swali la haraka mtaani lilikuwa: imeamka? Haikuwa volkano, ni mvua kubwa na udongo ulioshiba maji. Mama mmoja muuza mboga aliniona na makaratasi akaniuliza, "Mwanangu, nyie wa chuo, nijenge palepale au nihame?" Mimi nasoma mambo ya elimu, nikabaki kukodoa macho. Kwenye hojaji yangu hapakuwa na sehemu ya kuandika kwamba swali hilo limeulizwa, wala kama kuna msomi aliyewahi kulijibu.

Mbulu kuna tatizo jingine. Haydom ilikuwa mojawapo ya vituo vya MAL-ED, utafiti wa nchi 8 juu ya lishe na maradhi ya watoto. Watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi miaka 2, wahudumu wakizitembelea kaya mara 2 kwa wiki. Mara mbili! Mtu wa hivyo ndiye anayejua kumweleza mama kwa Kiiraqw kwa nini choo cha mwanawe kinapelekwa maabara. Lakini sampuli za tafiti zetu ni "wanataaluma" tu, kwa hiyo yeye si raia.

Safari hii nimeongeza ukurasa mmoja unaojazwa na mtendaji wa kijiji: nani alikuja, alirudi na majibu, mlimwelewa? Msimamizi wangu anasema unaharibu ulinganifu na tafiti nyingine. Bado tunabishana.