Verdansk kwa telefone: gemu tuliyoingoja mwaka moja na nusu

Ndugu na dada zangu, najua ukurasa huu umezoea maandiko juu ya kutafuta kazi, juu ya barua za staji zisizojibiwa na juu ya wazazi wanaouliza kila Siku ya Mungu kama diploma imeanza kuzaa matunda. Leo mutanisamehe, nataka kuandika juu ya gemu. Mdogo wangu alipoona ninaandika akacheka: «Yaya, weye ulisoma agronomia miaka yote ile ju ya kuandika habari ya batu ba ndani ya telefone?» Ndiyo. Na agronomia itaingia humu, mungoje kidogo.

Gemu yenyewe inaitwa Call of Duty: Warzone Mobile. Ilitoka duniani kote tarehe 21 Machi 2024. Tarehe 18 Mei 2025 ikaondolewa kwenye maduka ya programu. Hesabuni wenyewe: haikufika miezi kumi na ine. Huku kwenye milima yetu kuko muhogo unaokaa udongoni kuliko hapo mbele ya kung'olewa.

Kwa wale wasiocheza, nieleze upesi. Warzone ya kwanza ilitoka Machi 2020, ya ordinatere na ya konsole. Watu wengi sana wanarushwa kwa parashuti juu ya mji mmoja wa kutungwa, Verdansk. Wanaokota silaha kwenye nyumba, gesi inazunguka na kuwabana pole pole, na kikosi kinachobaki cha mwisho ndicho kinashinda. Ukiuawa mara ya kwanza, haujatoka bado: unapelekwa jela, wanaiita Gulag, unapigana na mtu mmoja, wewe na yeye tu. Ukimshinda, unarudi uwanjani. Hiyo Gulag ndiyo ilinitia hamu. Gemu zingine ukikufa, umekufa. Hii ilikuwa inakupa nafasi ya pili, lakini sherti uipiganie.

Sisi wa Bagira tulikuwa tunaiona kwa video tu. Nani kwetu alikuwa na konsole ya bei ile? Sisi tulikomea kwenye PES, PlayStation 2 ya jirani, unalipa kwa mechi, umeme ukikatika dakika ya themanini unaanza ugomvi na mwenye mashine kama pesa inarudi ao hairudi. Basi Septemba 2022, watengenezaji walipotangaza kwamba Verdansk nzima inakuja ndani ya telefone, tulichukua kama habari iliyotuhusu sisi. Telefone tunayo! Kwa mara ya kwanza, kitu kile kile wanachocheza watoto wa Paris na Dubai tungekicheza hapa, mji ule ule, bunduki zile zile. Na hatukuwa peke yetu: wenyewe walisema watu zaidi ya milioni 50 walikuwa wamejiandikisha kabla haijatoka.

Tulikuwa kikosi cha watu wane. Mimi, mdogo wangu, binamu yetu wa Kadutu, na rafiki mmoja niliyesoma naye, aliyekuwa ameenda Uvira kwa kazi. Huyo wa Uvira ndiye alikuwa anaingoja kuliko sisi wote, juu ya upweke. Mimi nilinunua telefone ya mkono wa pili kwa pesa ya ankete niliyofanya kwa wakulima wa Kabare. Sikumwambia mama kwamba niliichagua kwa ajili ya gemu. Nilisema ni kwa ajili ya kupiga picha za magonjwa ya mimea. Haikuwa uongo mzima.

Bon, tuingie kwenye kazi yenyewe, maana sikuja kulia tu.

Kitu cha kwanza nilichokiona niliporuka juu ya Verdansk ni kwamba sikuona kitu. Nyumba zilikuwa kama donge la bugali ambalo halijafinyangwa. Kuta hazina alama, miti haina majani, na adui anaonekana kama kivuli chenye kofia. Kisha, pole pole, picha inaanza kuwa safi. Sababu ni kwamba gemu hii haikushusha kila kitu siku ya kwanza: ilikuwa inaendelea kushusha sura za vitu kutoka kwa intaneti huku unacheza. Mahali penye konekshoni ya bure nyumbani, hiyo ni akili nzuri, inapunguza uzito wa kuanzia. Mahali ambapo kila mega inanunuliwa, ni kodi. Unalipa ili ucheze, na unalipa tena ili uone ukuta unaojificha nyuma yake. Mdogo wangu alisema vizuri kuliko mimi: «Iyi gemu inakula mega sawa vile muntu wa njaa anakula bugali.» Tukahamia usiku, saa za mega za bei nafuu. Saa saba za usiku, watu wane wenye akili timamu, wawili kati yao wenye lisansi, tunanong'ona ndani ya mablanketi: adui iko kwa dirisha, adui iko kwa dirisha.

Kitu cha pili ni moto. Sisemi moto wa bunduki. Telefone yenyewe ilikuwa inachemka. Hapo nilifikiri ni umaskini wa telefone yangu, lakini hata wahakiki wa Ulaya na Marekani, wenye mashine za bei ya pikipiki, waliandika juu ya joto na juu ya betri inayokwisha mbio. Hiyo ilinituliza kidogo. Ping yangu ilikuwa inacheza kati ya 180 na 250. Maana yake, ninapoona adui anachungulia pembeni, yeye ameisha kunipiga na ameenda kuokota vitu vyangu. Ndani ya Gulag, ambako yote inaamuliwa kwa sekunde chache, ping ya namna hiyo ni hukumu. Ile nafasi ya pili niliyoipenda kwenye video, sikuipata karibu hata siku moja.

Sasa agronomia. Wale mliofanya masomo ya kuboresha mbegu munajua: aina mpya haipelekwi kwa wakulima juu ya uzuri wake ndani ya stasyo tu. Kule stasyo kuko mbolea, kuko maji, kuko mtu wa kupalilia. Muhogo utatoa tani nyingi sana. Upeleke kwa mama wa Walungu, shamba la mteremko, udongo umechoka, hana mbolea, mbuzi za jirani zinapita: hapo ndipo utajua umezalisha nini. Njo maana tunafanya majaribio kwa mahali pengi, na sana sana mahali pabaya. Warzone Mobile ilijaribiwa kwanza Australia, mwishoni mwa 2022, kisha Chile, Norway na Sweden. Sina ubaya na nchi hizo. Lakini ukijaribu mbegu yako Norway na Sweden, usishangae ikinyauka mahali pengine. Wakati huo Free Fire, iliyotoka 2017, gemu niliyokuwa naicheka juu ya sura yake ya katuni, inacheza kwa telefone ya mtoto yeyote wa kwetu, watu 50 tu, mechi inaisha upesi, unarudi kwa kazi yako. Ni kama Nambiyombiyo, ule muhogo ambao wakulima wetu wanaujua tangu zamani. Mainjinia wanauletea kasoro mia, na mama analima ule ule.

Nitakuwa mtu wa haki. Kuko siku gemu ilifanya kazi. Nakumbuka usiku mmoja wa Juni 2024, mvua haikunyesha, mtandao ulikuwa safi, na tulishuka wane pamoja. Sauti ilikuwa ya ajabu: kwa ekuta unasikia hatua za mtu juu ya mabati, unajua iko ghorofa gani. Uzito wa silaha, namna mwili unavyoteleza chini ya ukuta, vyote vilikuwa vya gemu kubwa, si vya mchezo wa telefone. Mle Verdansk kuko sehemu inaitwa Farmland, mashamba, na mimi kila mara nilikuwa nawaomba tushukie hapo. Hakuna silaha nzuri pale, binamu alikuwa ananitukana. Lakini nilipenda kusimama kwenye mashamba yale. Tulimaliza wa tatu usiku huo. Rafiki wa Uvira alikuwa anacheka peke yake nyumbani kwake, na sisi tulimsikia kana kwamba yuko kwenye kiti cha pili. Hiyo ndiyo gemu tuliyoahidiwa. Tuliipata kwa usiku labda kumi.

Februari 2025 munajua wenyewe kilichopita mjini, na sisi wa Bagira tulikisikia mapema kuliko wa Ibanda. Sitaandika hiyo hapa. Nitasema tu kitu kimoja kinachohusu gemu. Wengi waliniuliza kama niliweza tena kucheza vita baada ya kusikia vita. Wiki kadhaa sikuweza. Kisha nilirudi, na nilichokiona si kile nilichotarajia. Verdansk haikunitisha. Ilinishangaza juu ya ukimya wake. Mji mzima ule, hospitali, uwanja wa ndege, stadi, maduka, na hakuna raia hata mmoja. Hakuna mama mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani. Hakuna mzee anayekataa kuondoka juu ya ng'ombe wake. Hakuna mbuzi. Mashamba ya Farmland hayana mwenyewe, hakuna anayehesabu kile ambacho hakitavunwa. Hadithi inasema walihamishwa. Nani aliwahamisha namna safi hivyo, na waliwapeleka wapi? Mimi niliona majeshi na niliona watu, na kila mara watu walikuwa katikati. Sisemi gemu iwaweke raia ili tuwapige, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba zamani sikuona kama hawako, na sasa siwezi kutoona.

Baada ya hapo kikosi kilivunjika. Binamu alivuka, yuko Bujumbura. Rafiki wa Uvira alifika Kampala. Banki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, kazi za ankete zikakatika. Hapo ndipo, kwa kinyume, gemu ikawa ya lazima. Kupiga simu nchi tatu ni ghali, na ukimpigia mtu aliyekimbia mnabaki kuulizana habari mbaya. Ndani ya Verdansk hamuulizani. Unamwambia tu: nipe risasi, nina chache. Anakupa. Mdogo wangu, ambaye hakusema neno wiki mbili nzima baada ya Februari, neno lake la kwanza refu lilikuwa ndani ya gemu, akimgombeza binamu kwamba ameacha mlango wazi.

Kisha ikaja Aprili. Tarehe 3 Aprili 2025 watengenezaji walirudisha Verdansk kwenye Warzone kubwa, ya konsole na ordinatere, kwa shangwe nyingi. Walikuwa wameitoa huko tangu mwisho wa 2021, kwa hiyo kwa mwaka moja sisi wa telefone ndio tulikuwa tumeshika mji ule. Tulijivunia, sitaficha. Wiki sita baadaye, tarehe 16 Mei, tangazo likatoka: Warzone Mobile haitapata tena kitu kipya, na baada ya siku mbili haitashushwa tena. Walisema haikufikia matarajio yao kwa wachezaji wa telefone kama ilivyofikia kwa wale wa ordinatere na konsole. Pesa hairudishwi, pointi ambazo mtu alikuwa hajatumia aliweza kuzihamisha mara mbili kwenye Call of Duty: Mobile, ile ya 2019.

Neno hilo, wachezaji wa telefone, nililisoma mara tatu. Ni sisi hao. Inaonekana tulipewa mtihani na tukaanguka. Lakini mkulima akikataa mbegu, mtafiti mwenye heshima anauliza mbegu ilikuwa na nini. Tangazo zima sikuona ulizo hilo. Hawakusema: tulitengeneza kitu kizito kuliko telefone zenu na mega zenu. Walisema hamkutufikia.

Mtu ataniambia: yaya, ni gemu ya bure, ulilipa nini? Mega nililipa. Usiku nililipa. Na kikosi, sijui kinalipwa kwa pesa gani.

Aliyekuwa nayo tayari kwenye telefone mbele ya tarehe 18 Mei aliweza kuendelea kuicheza. Aliyeifuta hakuweza kuirudisha. Binamu, kule Bujumbura, telefone yake iliibiwa Juni. Basi tumebaki watatu, na nafasi ya nne kikosi kinajazwa na mtu tusiyemjua, mara nyingi hana sauti. Binamu anatuomba tuhamie wote Free Fire. Mdogo wangu amekubali. Rafiki wa Kampala anasema tungoje kidogo.

Jana telefone yangu iliniandikia kwamba nafasi imekwisha. Kuko mkulima mmoja wa Kabare anangoja nimpigie picha majani ya migomba yake, anafikiri ni ule unyaufu. Nilifungua orodha ya vitu vizito, na gemu ilikuwa ya kwanza juu kabisa. Nilikaa nayo hapo dakika kadhaa. Mwishowe nilifuta video za harusi mbili na kozi zote za biometria, na nilienda Kabare.