Kumjenga Kirangozi kwa Pointi 27

Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, huchezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Kila mchezaji huwa mtu fulani ndani ya hadithi inayotungwa na wote, na kabla haijaanza, mtu huyo lazima aundwe. Mimi huvutiwa zaidi na kazi hiyo kuliko mapigano na majoka yanayofuata.

Katika toleo la 2014 ipo njia ya kununua sifa sita kwa pointi 27: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Kila sifa huanzia 8 bure, na mwisho wa kununua ni 15. Hadi 13 kila hatua ni pointi moja. Ya 14 na ya 15 hudai mbili mbili. Mwenye tamaa ya makuu atanunua 15 tatu, abaki na 8 tatu. Mwoga wa kasoro atapata 13 tatu na 12 tatu, nazo ni pointi 27 zilezile, ila hana jambo hata moja ambalo wenzake watamwitia. Fundi huuliza kwanza: huyu mtu kazi yake nini?

Nimchukue kirangozi, yaani mtangulizi wa njia, wa msafara wa Wanyamwezi, karne ya 19, Tabora ilipokuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32. Kirangozi alibeba mzigo mwepesi, akatangulia na joho lake jekundu na manyoya kichwani. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, Novemba 1857, ameandika kwamba aliyethubutu kumpita kirangozi alichomolewa mshale podoni, uwe ushahidi dhidi yake wakifika kambini. Basi mwendo wa wote ulikuwa miguuni mwa mtu mmoja. Akikimbia, mbeba pembe wa nyuma anaanguka. Akijikokota, jua linawakuta porini bila maji.

Kwa hiyo nampa ustahimilivu 14, hekima 14 na haiba 14, maana mara nyingi wapagazi ndio waliomchagua na hawangemfuata mtu wasiyemheshimu. Zimekwenda pointi 21. Sita zilizobaki zinampa 10 katika nguvu, wepesi na akili. Akili 10 isimwudhi mtu: kusoma nyayo na kuitambua njia, kanuni za mchezo zimekuweka chini ya hekima, na naona zimefanya vizuri.

Hata nguvu za mpagazi zilipunguziwa kazi na ufundi wa kufunga. Mtumba wa nguo ulikazwa ukawa mrefu kama mto wa kulalia, ukafungiwa vijiti vitatu vilivyouzidi urefu. Akitaka kupumzika aliusimamisha, akauegemeza kwenye mti. Nguo haikugusa tope, na wakati wa kuondoka hakulazimika kuinama hadi chini kuutwaa. Mtu aliyebuni hilo alijua pa kuokoa pointi.

Kilichokosekana kwa kirangozi kilitoka kwa mwenzake, na ndipo ninapomfikiria Sidi Mubarak Bombay. Myao huyu aliuzwa utumwani akapelekwa India, akarudi na Kihindustani, lugha aliyosemezana kwayo na Speke, mwenzake Burton safarini. Alipita Tabora na Burton na Speke, akarudi na Speke na Grant, kisha na wasafiri wengine, Stanley mwaka 1871 na Cameron mwaka 1873. Huyo namnunulia akili 15 kwa pointi tisa, haiba 14 na ustahimilivu 14 kwa saba saba, na nne za mwisho zimpe hekima 12. Nguvu na wepesi zibaki 8: mizigo wataibeba Wanyamwezi, na njia anaijua kirangozi.